Land Rover ya marehemu baba inamisi na kuzima ikiwa sailensi, rota ya distributa inacheza, ni bushi au ndo zilivyo?

LandiYaMzee

Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover Series IIA ile fupi ya inchi 88, ya mwaka 1970, petroli, injini ya sisi 2286. Ilikuwa ya marehemu baba na sasa ninayo mimi huku Kigamboni. Hii gari tangu mvua za vuli inanitoa roho. Barabarani ukiikanyaga inaenda hivyo hivyo kwa kukohoa kohoa, ila ikikaa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka kama mtu mwenye malaria, inamisi, afu inazima. Juzi foleni ya pantoni pale Magogoni imenizimikia mara tatu, katika wale vijana waliokuwa wanasukuma mmoja akaniambia mzee hii ungeikatia tiketi ya toroli.

Mpaka sasa nimebadili plagi, waya zote, koili, kondensa, pointi mara mbili, kabureta imefunguliwa imesafishwa, hela niliyomwaga sitaki hata kuijumlisha mke wangu asije akapita hapa akasoma. Jana nikasema ngoja nifungue mwenyewe kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi. Nikashika rota, kile kinachozunguka juu ya shafti yake, nikaisukuma huku na huku, jamani inacheza. Siyo kuzunguka, inacheza kwa ubavu, unaisikia kabisa tik tik kwenye vidole. Nikachukua fila geji nikaseti pointi, ile swichi inayofungua na kufunga umeme wa koili, milimita 0.40 vizuri tu, nikaisukuma shafti kuelekea kwenye pointi nafasi ikawa kubwa mpaka jani la 0.50 linapita bila kugusa, nikaivuta upande wa pili hata la 0.25 haliingii.

Fundi nimempigia anasema distributa za Lucas zote ndo zilivyo, nisijitie presha. Sasa naomba kujua kwa wenye uzoefu, hii ni bushi, ile pete inayoshika shafti, imeisha au kweli ndo zilivyo? Kama ni bushi napata wapi hapa Dar na inawekwaje? Na swali la kijinga la mwisho, hiki kitu huwa kinawekewa oili? Maana toka nizaliwe sijaona fundi akiweka oili kwenye distributa.

Kipara_Mbagala

Mkuu anza na mafuta. Kama unaweka petroli ya kwenye madumu ile iliyochakachuliwa hata ungebadili injini nzima itamisi tu.

Dereva_Mstaarabu

Toa hiyo injini weka 3L ya Toyota ya dizeli, usahau habari za pointi na rota maisha yako yote. Mimi nimemaliza.

LandiYaMzee

@Kipara_Mbagala mafuta naweka sheli, hapana siyo mafuta. @Dereva_Mstaarabu injini haitoki kaka, mzee atanitokea usiku.

fita_mstaafu

Mwanangu pole kwa gari. Na huyo anayekwambia ndo zilivyo mwambie mzee mmoja amekataa. Distributa nzima ukiishika rota na kuitikisa kwa ubavu hutakiwi kusikia kitu. Ukiizungusha kidogo upande inaozungukia ikasogea na ukiiachia ikarudi yenyewe hiyo ni sawa kabisa, ni zile springi na vyuma vizito vya chini vinavyosogeza taiming, yaani wakati wa cheche, kadiri injini inavyokaza mwendo. Watu wengi wanachanganya hayo mawili, anaona inasogea anasema nzima au anaona inasogea anasema mbovu. Kuzunguka kidogo na kurudi ni uzima. Kucheza ubavuni ni bushi. Na hicho kipimo chako cha fila geji kimeshasema kila kitu, kutoka 0.25 mpaka 0.50 kwa kidole tu! Kitabu kinataka 0.35 mpaka 0.40.

Sasa elewa kwa nini inakusumbua hivyo. Ile shafti ina nundu nne, kila nundu inafungua pointi kwa silinda yake. Shafti ikiwa imelegea kila nundu inafungua kwa kiasi chake na kwa wakati wake, nafasi ikiwa kubwa pointi zinafunguka mapema na koili inakosa muda wa kushiba umeme, nafasi ikiwa ndogo zinachelewa kufunguka na zinaungua. Kwa hiyo we una taiming nne kwenye injini moja. Na kumbuka distributa inazunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo kosa la digrii moja pale juu ni digrii mbili kule chini kwenye krenki. Injini ikiwa mizunguko 3000 kwa dakika zinatoka cheche 6000, mia moja kila sekunde, moja mbovu inajificha kwenye kundi. Ikiwa sailensi haijifichi, ndo maana inakuaibisha Magogoni na siyo barabarani. Pointi ungebadili hata mara kumi isingesaidia.

Nakuuliza swali moja kabla sijaendelea. Kuna fundi yeyote aliwahi kuitoa hiyo distributa akaiosha?

LandiYaMzee

Shikamoo mzee. Ndiyo, kama miaka miwili iliyopita kuna gereji moja walisema imejaa vumbi, wakaitoa wakaiosha na petroli wakaipuliza na kompresa, ilirudi inang'aa kama mpya nikawapa na ya soda. Kwani ilikuwa kosa?

fita_mstaafu

Marahaba. Ndo hapo palipokufa bushi yako, na soda umewapa.

Bushi ya distributa siyo shaba ya kawaida. Ni unga wa shaba uliogandamizwa na kuchomwa mpaka ukashikana, ndani una vitundu vidogo vidogo huvioni kwa macho, kama sponji ya chuma. Vile vitundu ndo tangi lake la oili. Shafti ikizunguka inapata joto, oili inatoka kulainisha, ikipoa inarudi ndani. Sasa we ukiichovya kwenye petroli na kuipuliza na upepo umelikausha tangi. Kwa macho inang'aa, kwa ndani ni kavu, na kama aliyeiosha hakuirudishia oili basi kuanzia siku hiyo chuma kinasaga shaba, halafu na vumbi la huko kwenu linasaidia kazi.

Na jibu la swali lako ambalo wala siyo la kijinga: ndiyo inawekwa oili, ila kwa matone. Ukiitoa rota unaona juu ya shafti kuna skrubu, usiifungue, dondosha matone mawili matatu ya oili ya injini palepale juu yake, pembeni ya skrubu pana upenyo, inashuka yenyewe. Matone machache mengine pitishia kwenye uwazi wa ile sahani ya pointi yaende kwenye vile vyuma vizito. Tone moja dogo kwenye kipini ambacho pointi inachezea. Kwenye nundu paka grisi kama unavyopaka mafuta mdomoni, siyo kusiliba. Kisha futa kila kitu, kwa sababu oili ikigusa uso wa pointi zitaungua na utarudi hapa kulalamika. Usiweke grisi kwenye bushi, inaziba vitundu. Na usipulize ile dawa ya kulegeza kutu ukadhani ndo umelainisha, ile inaosha oili iliyokuwemo.

Zamani karakanani ilikuwa kazi ya mwanafunzi, kila sevisi unashika kopo la oili lenye mdomo mrefu unazunguka nalo. Siku hizi sevisi ni kumwaga oili na kubadili filta basi.

Umeme_Tupu

Mzee nakuheshimu ila 2286 watu wanaweka kiti (seti) ya elektroniki, unatoa pointi na kondensa unaweka sensa na sumaku, mchezo umeisha, gari inawaka robo stata. Kwa nini mtu ateseke na bushi?

fita_mstaafu

Sina ugomvi na elektroniki, ni nzuri na inavumilia ulegevu kuliko pointi. Lakini shafti bado ni ileile na bushi ni ileile iliyokufa. Ile sumaku itakuwa inasogea na kurudi mbele ya sensa, na bushi inaendelea kulika mpaka siku rota inagonga misumari ya kifuniko. Aweke bushi kwanza, baada ya hapo akitaka aweke hata kompyuta. Na kwa wengine mnaosoma, Land Rover za mwanzo mwanzo wa miaka ya sitini chanya ya betri ndo inafungwa kwenye bodi, siyo hasi, ukichomeka kiti bila kuangalia unaiunguza palepale.

Mama_Datsun1200

Naongezea kwa yaliyonikuta mimi na pikapu yangu. Tatizo lilikuwa hilohilo, nikamwambia fundi anitafutie bushi, akaona kutafuta ni kazi, akaenda kwa mkereza vyuma akamkerezea ya shaba ya fimbo. Ilivyorudi haichezi hata kidogo, nikafurahi, nikamlipa. Nimepita Mlandizi tu gari ikazima kama imezimwa funguo. Ile bushi ilikuwa imebana, haina mfereji wa oili, haina hata tundu, ikapata moto ikaishika shafti, pini ya chini ikakatika. Nikarudishwa Kimara juu ya lori la mkaa, na suti ya harusini. Kwa iyo ndugu yangu LandiYaMzee angalia sana, ikikazwa sana siyo sifa.

fita_mstaafu

Binti huyo mkereza hakukosea kukereza, alikosea kutoiachia nafasi. Shaba ya fimbo inafanya kazi ila lazima uiachie kama mbili au tatu za mia za milimita, namaanisha 0.02 mpaka 0.03, uichonge mfereji wa kupitisha oili, halafu uikumbuke kwa tone maana haina tangi ndani. Mimi nashauri ile ya unga wa shaba kama inapatikana.

Ukiipata mwanangu fanya hivi. Iloweke kwenye oili safi ya injini SAE 30 masaa 24 kabla ya kuiweka. Ukiwa na haraka pasha oili ifike nyuzi 100, iache bushi humo masaa mawili, afu acha ipoe ikiwa HUMOHUMO, ukiitoa ya moto inavuta hewa badala ya oili. Kujua kama ni yenyewe na siyo feki, ijaze oili, ziba tundu la chini kwa kidole gumba na la juu kwa kidole cha shahada, bana kwa nguvu. Ya kweli itatoka jasho pande zote nje. Feki itakutazama tu.

Kuiingiza usitumie nyundo. Kwa mkereza mwambie akutengenezee kichuma chenye bega, sehemu ya kuingia ndani ya bushi iwe saizi ileile ya shafti na iwe laini imeng'arishwa, ugandamize kwa jiliwa taratibu. Bushi ikiingia kwenye bodi inajibana, kile kichuma ndo kinailinda isibane kupita shafti. Na ASITOKEE mtu akakwambia tupitishe rima tuipanue kidogo. Rima inapaka shaba juu ya vitundu inaviziba, umerudi kulekule kwa binti wa Mlandizi. Kama imekaza kidogo weka oili zungusha kwa mkono, itakubali.

Kabla ya kutoa pini ya chini weka alama, ule ulimi wa chini unaozungushwa na injini umekaa upande hauko katikati, ukiurudisha kinyume rota itaangalia silinda nyingine. Na ukishatoa pini piga msasa kwenye tundu lake kwenye shafti, pana kingo kali pale, ukivuta shafti hivyohivyo inachana bushi.

LandiYaMzee

Mzee nimeprinti haya maneno nimebandika gereji.

LandiYaMzee

Wakuu nimerudi baada ya wiki saba, samahani kwa ukimya. Bushi hapa Dar nimezunguka Msimbazi yote, Shauri Moyo nikapata distributa mbili za mtumba zote zinacheza kuliko ya kwangu na jamaa anaziita OG. Mwishoni shemeji yangu yuko Uingereza akanunua bushi mbili akampa mtu anayekuja. Bushi zenyewe ndogo zinaingia kwenye kiganja cha mtoto, nauli yake ndo usiulize.

Nikaloweka kwenye kopo la Blue Band, usiku na mchana. Nikafanya kile kipimo cha vidole. Mzee sikukuamini mpaka nilipoona kwa macho, nimebana kidogo tu nje ikaanza kutokeza doti doti za oili kama jasho kwenye pua. Nikamwita na jirani aje aone, akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Mkereza wa Gerezani nikamwonyesha maelezo yako, kijana kasomea VETA Chang'ombe, akasoma mpaka mwisho akasema huyu mzee anajua. Kile kichuma alikikereza kwenye boliti la zamani nusu saa, bushi tukaisukuma kwa jiliwa ikaingia kama inaenda kwake. Bushi ya zamani tuliyoitoa ndani imekuwa yai, siyo duara tena, upande mmoja imeliwa mpaka unaona ukingo. Shafti nayo tulipima imeliwa kidogo sana, mkereza akasema itafaa.

Sasa kosa langu. Alama niliweka kwa chaki. Oili ikaifuta. Nikaurudisha ule ulimi kwa kukisia nikapiga pini, nikafunga, nikawasha, MZEE! Ikapiga mzinga kwenye kabureta kuku wote wa jirani wakapanda juu ya mwembe. Nikajua nimegeuza nusu duara. Kutoa pini upya nikaogopa kuharibu, nikahamisha waya za plagi kwenye kifuniko, ya kwanza nikaweka ya nne, ya tatu nikaweka ya pili, zote nikazigeuza hivyo. Ikawaka. Sailensi imetulia mpaka nikaweka bilauri ya maji juu ya mudigadi. Yalitikisika ila hayakumwagika. Swali, nikiiacha hivi ina madhara?

fita_mstaafu

Chaki tena mwanangu. Alama ni ya msumari au patasi.

Haina madhara. Mpangilio bado ni 1-3-4-2, nundu ni nne zinafanana kwa hiyo pointi hazijui kama umegeuza, ni rota tu inaanzia upande wa pili. Hatari ni fundi atakayekuja kesho na kitabu mkononi, ataona waya haziko kama picha, atazirudisha kama picha na gari haitawaka. Andika kwa rangi kwenye ukuta wa injini kwamba waya ya kwanza iko hapa. Na pima pointi tena baada ya wiki mbili, zikishakaa zinajipunguza nafasi, afu hakikisha taiming ndo ya mwisho, baada ya pointi, siyo kabla.

Kipara_Mbagala

Kumbe kweli haikuwa mafuta. Mkuu ukiiuza nistue.

LandiYaMzee

Haiuzwi. Rangi nimeshaandika, nyekundu, mke wangu kauliza ni deni la nani hilo nimeandika kwenye gari.

Mama_Datsun1200

LandiYaMzee hilo kopo la Blue Band usilitupe, nina bushi mbili za Datsun zimefika jana, naomba Jumamosi nije niziloweke kwako na huyo kijana wa Gerezani unipe namba yake pm.

LandiYaMzee

Karibu sana dada, oili ipo. Ila pita darajani, foleni ya Magogoni Jumamosi unaijua.